Maswali ya dei kea ya nyumbani: mzazi anataka kujua mwanae ameshindaje

Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, nimfanyie nini mzazi ajione ana thamani kwangu asije akahamisha mtoto. Nimelea watoto wa watu sebuleni kwangu Tabata miaka 11 sasa, najibu kwa niliyoyaona.

Shikamoo dada. Nina watoto tisa, Desemba nataka nifanye mahafali, majoho, keki na mpiga picha, kila mzazi achange 40,000. Watafurahi?

Marahaba mdogo wangu. Usifanye. Mama anayeuza mitumba Karume hiyo 40,000 ni unga na mkaa wa nyumbani, atatoa kwa kuona aibu mbele ya wenzie, halafu Jumatatu anakuja mlangoni anakuta msichana wako hajui hata mtoto wake ana aleji ya mayai. Mimi haya majoho ya watoto wa miaka miwili nimeyachoka na nitayasema mpaka yaishe. Mzazi amesimama kwenye mwendokasi toka Kivukoni mpaka miguu imevimba, anachotaka akifika ni umwambie mwanae ameshindaje, uji kamaliza au kabakisha, kalala saa ngapi, choo kapata kikoje, alilia sana saa tano na ulijaribu nini. Ni dakika mbili tu. Nunua kaunta buku, kila mtoto ukurasa wake, na uandike mchana ule ule kitu kinapotokea, maana ukisubiri jioni ukumbuke watoto wote tisa wanakuwa "amekula vizuri mama" na mzazi anajua kabisa kwamba hujui.

Mtoto alijikwaa mlangoni akapata nundu kwenye paji la uso, nikaona isiwe kesi nikanyamaza. Mama kaiona usiku akimwogesha, sasa hanisemeshi. Nimpelekee zawadi?

Zawadi ya nini? Mtoto akigonga kichwa mzazi anapigiwa simu saa ile ile, kwa sababu usiku lazima aangaliwe, akianza kutapika au kulala usingizi usio wa kawaida anapelekwa hospitali hapo hapo, sasa yule mama ungemfichaje na kesho ungemwambia nini? Mwendee kwake, mwambie alianguka saa ngapi, wewe ulikuwa wapi, na kwamba ulikosea kunyamaza. Usianze na "watoto ndivyo walivyo". Mwaka wangu wa pili mtoto aling'atwa shavuni na mwenzie, nikapiga simu saa nne asubuhi, mama akanifokea mpaka mikono ikatetemeka, ila huyo huyo mama amekuja kuniletea wadogo wawili wa mtoto huyo waliofuata.

Nina watoto wanne tu, kusajili ni lazima?

Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako wiki hii. Nimeshajibu hili mara nyingi mno.

Kuna mama anakamua maziwa analeta kwenye chupa, ananipa kazi kweli. Nimwambie tu aanze kopo?

Usithubutu. Likizo ya uzazi ni siku 84, kwa hiyo mtoto anakuja kwako hajafikisha hata miezi mitatu, na kitaalamu anatakiwa maziwa ya mama tu mpaka miezi sita. Huyo mama anaamka saa kumi alfajiri anakamua, anaenda kazini kifua kimejaa, halafu wewe umuone msumbufu! Chupa iandikwe jina na saa ya kukamuliwa, iingie kwenye friji hapo hapo, yale masaa manne watu wanayosema ya kukaa nje ni ya chumba kisichozidi nyuzi 25 na Dar yetu mchana inazidi. Kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Kupasha, weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, usiibandike kwenye moto wa jiko wala usiiweke kwenye maikrowevu, na alichobakiza mtoto kikipita masaa mawili mwaga. Halafu mwambie, maana wengi hawajui, sheria ya kazi inampa mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha, kama ofisi iko karibu anaweza kuja. Mtengee kiti sehemu yenye faragha na umpe maji ya kunywa.

Naweka picha za watoto stetasi ili wazazi wajisikie vizuri, kuna shida?

Shida ipo. Stetasi yako anaiona fundi bomba, anaiona dereva boda, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo toka 2022. Mtumie mzazi picha ya mwanae kwenye simu yake, basi.

Watoto hawalali mchana, niwape dawa ya mafua kidogo ile inayoleta usingizi?

Hapana, hapana kabisa! Inaweza kumkata pumzi mtoto mdogo. Kama umeshawahi kumpa mtoto wa mtu, mwambie mzazi leo.

Tulikubaliana na mzazi amchukue mtoto saa kumi na mbili, yeye anakuja saa moja na nusu. Nikisema si nitaonekana sina utu?

Sema, lakini useme siku ya kwanza na uwaambie wote sawa, iandikwe kwamba kila nusu saa inayozidi ni 2,000. Kinachoumiza ni kununa mlangoni mtoto anakuangalia. Na usije ukamkabidhi mtoto kwa boda au mjomba usiyemjua eti mama kachelewa, kila mzazi aandike majina ya wanaoruhusiwa kumchukua, asiyekuwemo akae nje mpaka mzazi apigiwe.

Baba ndiye anayekuja kumchukua mtoto ila yuko kimya tu. Nimpe habari yeye au nisubiri kumpigia mama?

Mpe baba. Anakaa kimya kwa sababu kila siku unamuuliza "mama yake yuko wapi?" Kesho akifika mfungulie kaunta buku, mwonyeshe ukurasa wa mwanae.