Kwa mnaoanza utafiti wa miche ya msituni

Wadogo zangu mnaotoka Dar kwenda msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kuhesabu miche, idadi ya iliyokufa peke yake haisemi kitu. Tafuteni kilichoiua, tena mapema, maana dalili hufutika haraka. Ukichelewa mwezi mmoja utakuta kibati cha namba ulichouwekea mche tu. Mbegu zikiwa ndiyo kwanza zimeota, rudini kila wiki, kwa sababu vifo vingi hutokea wakati huo.

Pigeni magoti. Shina lililokatwa kwa mshazari, safi, mara nyingi ni kazi ya panya. Shina lililosinyaa na kuwa jeusi pale linapogusa udongo, majani yakiwa bado ya kijani, ni kinyausi, ugonjwa wa miche michanga unaoletwa na vimelea vya udongoni kama kuvu. Kama hamjawahi kukiona, nendeni kwa wauza miche wa kando ya barabara hapa mjini wakati wa masika, mwombe mmoja awaonyeshe tuta lililozidi maji.

Kinyausi hupenda unyevu, kivuli na msongamano, na chini ya mti mama vyote vipo, pamoja na wadudu waliouzoea mti huo. Wanaikolojia Janzen mwaka 1970 na Connell mwaka 1971 walieleza kuwa ndiyo maana mche ulio mbali na mama una nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kwa hiyo kila mche upimiwe umbali hadi mti mzima wa spishi yake ulio karibu.

Mwanga unaofika chini ya msitu mnene ni kama asilimia 1 au 2 tu. Hata hivyo msiandike "kivuli" kila mkikosa jibu. Kivuli hudhoofisha, mara nyingi anayemalizia ni mwingine.

Matawi yanayoanguka ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Huko La Selva, kituo cha utafiti wa msitu wa mvua Costa Rica, watafiti walichomeka miche bandia ya mirija ya plastiki na waya, na katika matokeo ya mwaka 1989 mingi ilikuwa imeangushwa au kulazwa. Inueni tawi kabla ya kuandika "haukuonekana".

Kwenye fomu tenganisheni mlichokiona na mnachodhani. Ijaribuni kwanza Pugu, mkishapata kibali. Ule ni msitu wa pwani, mkavu kuliko Amani, na kuanzia Juni hadi Septemba mtaona ukame unavyoua miche ambayo mizizi yake bado mifupi.