Mwanangu, waache mchwa wakile kigango

Kadzo mwanangu,

Huku Kaloleni hatujambo, mvua imetuonea huruma na mahindi yameshika.

Swali lako nimelala nalo siku mbili. Umesema mwalimu wako huko Marekani aliuliza darasani: vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao zilizochongwa, vikirudishwa Kenya, si vitaliwa na mchwa au kuibwa tena? Kwa nini visibaki huko kwenye majumba ya makumbusho yenye kiyoyozi? Ukakosa la kusema, sasa waniuliza mimi.

Waache mchwa wakile. Kigango husimamishiwa mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, ili koma yake, yaani roho yake, iwe na mahali. Hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, huelezwa shida za mji. Kikishasimama hakiondolewi. Watu wakihama, chenyewe hubaki, jua na mvua vikimalize. Hata sisi wenye mzee hatukipaki dawa wala hatukiingizi ndani. Sasa mtu wa mbali akikitia kwenye kabati la vioo aseme amekiokoa, amekiokoa na nini?

Cha babu yangu kiling'olewa usiku mmoja mwaka 1983. Asubuhi tulikuta shimo, na kitambaa chekundu kando yake. Nyanya yako alikaa chini pale pale, hakusema neno mpaka jua likawa kali. Wala sikufichi, hakuja Mzungu na jembe. Waling'oa vijana wetu wenyewe, wakauzia wafanyabiashara wa vinyago. Aibu hiyo ni yetu na inaniuma mpaka leo. Lakini kila aliyenunua, mpaka huko kilikofika, hakuuliza marehemu ni nani.

Ndiyo maana kurudisha ni kazi ngumu. Jumba la makumbusho la Denver, huko Marekani, lilikubali kutoa vigango 30. Mwaka 2023 vingine 37 vikafika Nairobi kutoka jimbo la Illinois. Nilifurahi sana, kisha nikajiuliza: vitapelekwa mji gani? Mwizi wa usiku haandiki jina la mwenyewe.

Mzee Kalume Mwakiru picha ndiyo iliyomsaidia. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha kando ya vigango viwili vya nduguze. Baadaye vikaibwa. Miaka ikapita, mtafiti huyo akakitambua kimoja mwaka 1999 kikiwa Illinois. Cha pili kilikuwa Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kile cha Illinois kilirudi kwao mwaka 2007. Mzee alikuwa amekwisha kufa, ila familia yake ilikuwepo kukipokea. Hebu fikiri, bila ile picha moja leo vingekuwa namba tu kwenye rafu.

Sisi hatuna picha. Nina kumbukumbu, na wewe uko huko vilikouzwa. Chetu kilikuwa na kichwa cha mviringo na safu tatu za pembetatu kifuani. Upande wa kushoto, chini kidogo ya bega, kina kovu la kisu, refu kama kidole. Nililitia mimi nikiwa na miaka minane, na babu zangu wadogo wakatoa kuku wa kuomba radhi. Kila jumba la makumbusho utakaloingia, uliza kama wana vigango, hata vya stoo. Waombe wakugeuzie upande wa kushoto.

Baba yako