Plaizi ya kubania vichwa vya waya

Kaka wa Uyole uliyesema taa za gari zimekuzimikia, pole. Taa za ukungu ulizounga kwa kusokota waya na kuzungushia tepu, ukashuka nazo Tukuyu kwenye mvua ile, lazima zizime. Waya huungwa kwa vichwa, vile vipande vya chuma vyenye plastiki ya rangi vinavyobanwa mwishoni mwa waya. Nunua plaizi ya kuvibania yenye meno ya kujifunga, haiachii mpaka ibane sawasawa. Ile bapa ya bei rahisi inaponda tu. Mimi niliitumia, waya wa honi ukanichomoka njiani. Kichwa chekundu ni cha waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, cha bluu 1.5 hadi 2.5, na kila rangi ina tundu lake kwenye plaizi. Ukishabana, vuta kwa nguvu. Ukichomoka, kata urudie. Anza kwa kutoa waya hasi wa betri. Waya za eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali, usiziguse kabisa, mwachie fundi umeme wa magari.