Kujiunga na kikundi cha wanawake wafanyabiashara Arusha: jibu kutoka Moshi

Dada, umeuliza kama kuna faida kutoa kiingilio cha 50,000 na mchango wa 20,000 kila mwezi kwenye kikundi cha wanawake wafanyabiashara na wataalamu, wakati ndiyo kwanza umehamia Sakina na siagi yako ya karanga. Nakujibu kwa yaliyonipata mimi hapa Moshi tangu 2019.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba cha kazi karibu na soko la Mbuyuni. Kikao changu cha kwanza kila mgeni alipewa dakika moja ajitambulishe. Nikasimama, nikasema nashona nguo za aina zote. Nikapigiwa makofi, nikakaa. Mama mmoja wakili akaniinamia: "Mwanangu, nikitoka hapa nikakutana na mwenye shida ya fundi, nimwambie wewe unashona nini? Mafundi wa aina zote wamejaa mjini."

Maneno yale yalinikosesha usingizi. Mwezi uliofuata nikasema: nashona sare za wapagazi na wapishi wa mlimani, kuanzia vipande 20, namtafuta anayeshughulika na manunuzi kwenye kampuni ya utalii. Dada mmoja mhasibu akaandika namba yangu nyuma ya ratiba. Wiki mbili baadaye nilikuwa na oda ya jaketi 36.

Sasa sehemu inayoniuma hadi leo. Kwa kubana gharama nilinunua zipu za bei rahisi. Jaketi 11 zilirudi zipu zimeachia, na watu walipigwa baridi kule juu. Aliyepigiwa simu kwanza ni yule mhasibu, maana ndiye aliyesema "huyu namjua." Nilibadilisha zipu zote 36 kwa pesa yangu, nikazipeleka mwenyewe hadi ofisini kwao. Hata hivyo ulipita karibu mwaka kabla hajanitaja tena kwa mtu, na sikumlaumu. Mwenzio akikuunganisha anakukopesha jina lake, na hilo ni deni zito kuliko hiyo 20,000.

Kwako unayeuza chakula ndiyo zaidi. Kabla hujaomba kuunganishwa na lodge yoyote, weka karatasi sawa: jina la biashara lililosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Anzia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani, waombe barua ya utambulisho ya kupeleka TBS. Wanunuzi wakubwa watakuuliza risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na wengi hawalipi papo hapo. Jipange kukaa mwezi mzima bila hiyo pesa.

Halafu usikichanganye kikundi cha namna hii na VICOBA, vile vya kuweka na kukopa. Wala si kikundi cha mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani. Kile kina usajili na masharti yake. Kabla ya hiki nilichomo, niliingia kingine kilichoanza vizuri kikageuka mchezo wa kupokezana pesa: kikao kizima tunahesabu nani katoa nani hajatoa, biashara haitajwi. Nilitoka baada ya miezi mitano.

Kwa hiyo omba uhudhurie vikao viwili kama mgeni kabla hujalipa. Tazama waliopo. Wakiwa wote wasindikaji kama wewe, mtabaki kuuziana wenyewe kwa wenyewe. Mtafute mhasibu, afisa wa benki, mpishi wa hoteli, mwenye gari la mizigo. Omba kuona katiba na taarifa ya mapato na matumizi. Wakinuna, rudi nyumbani na 50,000 yako.

Ukiweza, ingia wakati wa masika, Aprili au Mei. Wageni wanakuwa wamepungua na watu wa utalii wana nafasi ya kukaa wakakusikiliza. Na siku hiyo beba vikopo vidogo na vijiko, waonje kabla hujafungua mdomo.