"Na" ya Kiswahili na "na" za lugha nyingine: zipi ndugu, zipi zimefanana tu

Swali lililoulizwa ni hili: "na" iko kwenye Kiswahili, Kilingala, Kiigbo, Kihausa, Kirusi, Kireno, Kiajemi hadi Kijapani, na mara nyingi maana zinakaribiana. Je, ni neno moja lililosambaa? Hapana. Kundi moja la ndugu wa damu lipo, nalo ni la Kibantu. Nje ya hapo karibu kila "na" ina mzazi wake, na wengi wa wazazi hao wanajulikana kwa majina.

Wakuu, anzeni na hesabu, maana ndiyo inayosahaulika. Chukua lugha yenye konsonanti 15 na irabu 5. Silabi zake za konsonanti moja na irabu moja ni 75 basi. Tuseme ina kazi 30 za kisarufi zinazobebwa na silabi hizo fupi: kuunganisha, kukanusha, kuuliza, kuonyesha mahali, umilikaji na kadhalika. Linganisha lugha mbili za namna hiyo zisizo na udugu wowote. Kila silabi ikiwa na nafasi sawa, utegemee mfanano wa bahati 30/75, yaani 0.4. Ni kidogo. Lakini ukikusanya lugha 20, jozi zinakuwa 190 na mifanano ya bahati inafika 76. Hapo bado hujalegeza maana. Ukikubali kwamba "katika", "ya", "pamoja na" na "juu ya" zote ni kitu kimoja, hutakosa unachokitafuta. Isitoshe, n na a ni sauti za kawaida mno duniani; neno la "na" lisingekosa mahali pa kukaa.

Kabla ya kwenda nje, tupange za nyumbani. "Na" ya "baba na mama", ya "nina kazi", ya "kuna watu", ya "aliitwa na mwalimu" na ya "nawe, naye, nacho" ni moja, na maana yake ya msingi ni kuwa pamoja. Mwenye kitu yuko pamoja nacho. Ndiyo maana wakati uliopita tunasema "nilikuwa na kazi".

Kiambishi -na- cha "anasoma" wanaisimu wengi wanakitoa humohumo: a-na + kusoma, "yuko na kusoma". Ushahidi ninaouona mzito uko kwenye vitenzi vya silabi moja. Tunasema "anakula", "alikula", "atakula", na ku- imebaki. Lakini "akala", "akila", "hula" hazina ku-. Sasa tazama asili ya viambishi vinavyobakiza ku-: -ta- ni "taka" iliyokatwa, na -li- ni kitenzi cha kale cha "kuwa", kile kilichobaki katika "aliye" na "aliko". Yalikuwa maneno kamili yaliyofuatwa na kitenzi-jina (kitenzi chenye ku-, kama "kusoma"), na -na- imekaa upande wao. Wapo wanaoieleza ku- hiyo kwa mkazo, kwamba viambishi hivyo havikubali kubeba mkazo wa neno. Ni kweli, lakini maelezo hayo yanasema kwa nini ku- haikuanguka. Ilikotoka ku- ni kwenye kitenzi-jina.

Ziko mbili zinazodanganya. "Pendana" si penda + na. Igeuze iwe "wapendane": a ya mwisho imekuwa e, kwa hiyo kiambishi ni -an- na a ile ni kiishio tu. Ya pili ni "nasoma". Iweke pamoja na "wasoma, twasoma, mwasoma" utaona wakati ni -a-, na n imetoka kwenye "ni" ya nafsi. Ila katika mazungumzo ya kila siku "nasoma" ya watu wengi ni "ninasoma" iliyomeza silabi. Umbo moja, asili mbili, zote ndani ya Kiswahili.

Sasa Kibantu. Kizulu husema "mina nawe", Kishona "ini newe", Kilingala "ngai na yo", yote "mimi na wewe". Na umilikaji unafuata njia ileile: Kizulu "nginemali", Kishona "ndine mari", Kilingala "nazali na mbongo". Hiyo ne- ya Kizulu ni na- iliyoungana na i- inayotangulia nomino: na + imali = nemali. Kinachonishawishi hapa ni kwamba umbo, kazi ya kuunganisha na kazi ya kumiliki vyote vinatembea pamoja, na n yenyewe inalingana katika maneno mengine: "ona" ya Kiswahili ni "bona" Kizulu na "mona" Kilingala, "mwana" ni "mwana" Kishona na Kilingala. Kazi ya mtenda, ile ya "aliitwa na", usiitafute kila mahali. Kizulu hutumia umbo lenye kazi ya "ni" yetu ya "yeye ni mwalimu" badala yake. Na hata ndani ya ukoo kuna mtego: katika "nazali na mbongo", na- ya mwanzo ni kiambishi cha "mimi", haihusiani na ya pili.

Kiigbo ndicho kinachowatia watu homa. "Mụ na gị" ni mimi na wewe, "n'ụlọ" (na + ụlọ) ni nyumbani, na "ọ na-eri nri" ni anakula chakula. Kiigbo na Kibantu ni wa familia kubwa ya Niger-Kongo, kwa hiyo kulinganisha ni halali. Lakini -na- ya tendo linaloendelea isikupumbaze: lugha nyingi duniani hujenga hali hiyo kutokana na "kuwa na" au "kuwa katika", hivyo mbili zinaweza kufika hapo kila moja kwa mguu wake.

Kihausa kinatoa kipimo kizuri zaidi. "Yana karatu" ni anasoma, na mtu anaruka juu kwa furaha. Basi mwambie aseme "ana fedha": ni "yana da kuɗi". "Pamoja na" kwa Kihausa ni da. Kama na ya yana ingekuwa ndugu ya "na" yetu, kazi ya da ingekuwa yake. Ongeza "na tafi", nimekwenda, ambapo na ni nafsi ya kwanza, na "gidan Audu", nyumba ya Audu, ambapo -n ni na ya umilikaji wa kiume iliyofupishwa. Kihausa ni cha familia ya Kiafrika-Kiasia, mbali kabisa na Kibantu.

Huko Ulaya na Asia mambo ni mepesi kwa sababu kuna maandishi ya kale. "Na" ya Kiajemi na Kihindi ni ya kukanusha. Ndugu yake Kirusi ni "ne". "Na" ya Kirusi, "juu ya", ni neno jingine, ndugu wa "on" ya Kiingereza na "an" ya Kijerumani. "Na" ya Kigiriki cha leo, katika "thelo na figo" (nataka kuondoka), ni "hina" ya kale iliyopoteza kichwa. "Na casa" ya Kireno, nyumbani, ni "em" (katika) na kitambulishi cha kike (neno dogo kama "the" ya Kiingereza) vilivyoungana. Weka nomino ya kiume inakuwa "no carro". "Tír na nÓg" ya Kiayalandi, nchi ya vijana, inaonekana kama na ni "ya", kumbe ni kitambulishi cha wingi, zamani "inna". Kijapani "shizuka na heya", chumba kimya, na ni mabaki ya "naru", umbo la kale la "kuwa".

Nyingine tunazo mdomoni bila kuzihesabu. Maulana na Rabbana zina -nā ya Kiarabu, "wetu": bwana wetu, Mola wetu. Hosana inatokana na Kiebrania "hoshia na", okoa, twakusihi, ambapo na ni neno la kuomba.

Ukileta jozi mpya, lete sentensi nzima yenye tafsiri ya kila kipande, si silabi peke yake. Taja toni na urefu wa irabu: Kichina ná ni kuchukua, nǎ ni ipi, nà ni ile, na ukiandika "na" tupu umeshachanganya maneno matatu. Badilisha mazingira uone neno linageuka nini. Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, husema "malinis na bahay", nyumba safi, lakini baada ya irabu na hiyo inakuwa -ng, "magandang bahay", nyumba nzuri, kwa hiyo hata a yake si ya kutegemea. Mwisho tafuta walau maneno matano marefu zaidi ya lugha hizo mbili ambamo n inalingana na n kwa utaratibu uleule. Yasipopatikana, jozi hiyo iweke kwenye fungu la zile 76.