Jibu: "inopportune" inatumikaje?

Mkuu umeuliza kama neno la Kiingereza inopportune ni sawa na untimely, na kama unaweza kuandika "inopportune death" kwenye tangazo la msiba. Hapana, hapo usiiweke kabisa, wafiwa wataona unasema marehemu kawasumbua kufa siku hiyo. Kwenye msiba ni untimely death, yani mtu kaondoka kabla ya wakati wake, bado tunamhitaji.

Inopportune ni pale jambo lenyewe halina shida ila limekuja saa sio yake. Mfano uko kwenye intavyuu, maswali yamepamba moto, mara simu inaanza kuita mfukoni: "My phone rang at an inopportune moment." Simu kuita ni kawaida, tatizo muda ilioitia. Au bosi ndo katoka kusomewa ripoti ya ukaguzi, kanuna, we unaingia na barua ya kuomba advansi, hapo unasema "It was an inopportune time to ask." Mara nyingi utaiona na moment au time, na ni neno la kimaandishi kidogo, ukiwa na washkaji bad time inatosha kabisa.

Asili yake Kilatini naipenda sana, opportunus ilikuwa ni ya upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini, yani umekuja wakati mzuri, hiyo in- ya mbele ndo inakanusha, watu wa pwani hapo mshaelewa. Kutamka, Waingereza wengi wanakazia "op", Wamarekani wanakazia silabi ya mwisho.