Pweza Yuko Mbele Yako, Tazama Vizuri

Kijana mmoja anayejifunza kazi ya kutembeza wageni hapa Malindi ameniandikia akiwa na uchungu kidogo. Wenzake wakifika mwambani wanamwonyesha mgeni pweza papo hapo, yeye anaona mawe tu. Anauliza, je, anunue miwani ya bei? Miwani inayokata mng'aro wa maji inasaidia, anunue akiwa na uwezo. Lakini akina mama wa kisiwa cha Pate, Lamu, wanaovua pweza hawaitegemei, na pweza wanawapata.

Anayeanza hukosea kwa kutafuta rangi. Rangi ndiyo kitu cha kwanza ambacho mnyama aliyejificha ameshakupokonya. Tafuta umbo, kivuli, mwendo, na taka zilizo mlangoni.

Nianze na pweza, maana ndiye fundi wa kujificha. Nenda wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji ya asubuhi hupwa kabisa mnamo saa nne. Fika saa moja kabla ya hapo, utembee ukiyafuata maji yanavyorudi. Jua liwe nyuma yako kwa upande, ili mng'aro usikupige machoni na kivuli chako kisifike shimoni kabla yako.

Kisha tafuta nyumba kabla ya mwenye nyumba. Shimo la pweza lina mlango msafi, vimawe vimesogezwa kuuziba nusu, na pembeni pametupwa magamba ya kaa na makombe yaliyokwisha kuliwa. Magamba yakiwa bado safi, mwenyewe yumo au hajaenda mbali. Shimo lililoota mwani mlangoni lipite.

Akiwa nje ya shimo kazi ni ngumu zaidi. Ngozini mwake mna vifuko vidogo vya rangi, na kila kimoja kina misuli yake. Misuli ikivuta, rangi hutanda. Ikilegea, rangi hunywea. Haya yote huisha chini ya sekunde moja. Ngozi yenyewe huinuka vipele na vijipembe mpaka ifanane na mwani, na wala macho ya pweza wengi hayatofautishi rangi! Hata hivyo ana mambo mawili yanayomsaliti. Jicho lake limeinuka juu ya mwili, na mboni ni ufa mweusi uliolala, unaobaki umelala hata mwili ukiinama. La pili, lazima apumue. Ubavuni, karibu na jicho, kuna tundu linalofunguka na kufunga taratibu. Jiwe halipumui. Kwa hiyo simama, chagua pahali pamoja, hesabu hadi thelathini bila kuhamisha macho. Wengi hutazama mara moja, wakahama, halafu wanalaumu bahati.

Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, ukimwona ni kumtazama tu. Na hili nalisema kwa ukali: acheni kumchokoa kwa fimbo ili amwage wino mgeni apige picha. Akifukuzwa shimoni mchana, huwa wazi kwa samaki mkunga na kila mwenye meno. Mtembeza wageni anayefanya hivyo kwa ajili ya bakshishi anakula mtaji wake mwenyewe.

Usipojifunza kutazama, hasara si picha peke yake. Kuna samaki anayefanana na jiwe lililoota kuvu, mwenye miiba 13 ya sumu mgongoni. Samaki aitwaye taa ukimwendea kwa kuburura miguu hushtuka akaondoka. Huyu wa miiba hashtuki, hana sababu, anategemea kutoonekana. Ndiyo maana kuburura miguu peke yake hakutoshi: vaa viatu vya soli nene, gusa mbele yako kwa fimbo, na usishike jiwe lolote kwa mkono ili kujizuia usianguke. Akichoma mtu, tia sehemu hiyo kwenye maji ya moto ya nyuzijoto 45 hivi kwa dakika 30 hadi 90, kwa sababu sumu yake huharibiwa na joto. Maji ayapime mtu mwingine au mkono mzima. Aliyechomwa ana maumivu makali mno, hawezi kujua kama anaungua. Usichanje, usifunge kamba, mpeleke hospitali.

Nchi kavu kanuni ni zile zile. Kinyonga, ambaye watu wetu wanamwogopa bure kwa kuwa hana sumu, hubadilika rangi zaidi kwa hasira, joto na kutongozana kuliko kwa kujificha. Kinachomficha ni mwendo wa kuyumbayumba kama jani. Mtafute usiku kwa tochi: akilala hupauka, na kwenye ncha ya tawi anang'aa asijue. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke kuna bundi mdogo, urefu wake kama sentimita 17, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1966. Wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Mchana hukaa kichakani, akajinyoosha awe mwembamba na kufumba macho hadi yabaki mistari, kwa sababu macho ya njano ndiyo yangemtoa. Ukishampata, sauti chini, dakika chache, ondokeni.

Sasa wewe ukitaka kujificha, tuseme unangoja ndege pale mlango wa mto Sabaki. Kichwa na mabega ya binadamu ni umbo ambalo kila ndege analijua, kwa hiyo livunje: kaa chini, uwe na kichaka nyuma yako badala ya anga. Vua saa inayomeremeta. Nguo usizifue kwa sabuni ya unga yenye kung'arisha. Ile dawa huzidisha mng'ao wa buluu, na ndege wanauona kuliko sisi. Ukishakaa, tulia dakika ishirini.

Ila usikimbilie mtumbani kununua nguo za mabaka kama za jeshi. Sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare za majeshi au zinazofanana nazo bila ruhusa, na Lamu, ambako askari wako doria upande wa msitu wa Boni, hakuna atakayekuuliza mara mbili kama ulikuwa unapiga picha ndege. Shati la kaki lililopauka, lisilo na mabaka, linatosha kabisa.